Kamate na Mgongo Wake

Ukitaka kumjua Kamate Lévi wa Mabanga, usimtafute kwenye kiti. Viti vya nyumba yake vilizeeka kwa upweke. Alikula amesimama, sahani ya bugali mkononi, mgongo umeshikana na ukuta wa mbao kana kwamba akiuachia nyumba yote itamlalia. Hata siku ya harusi yake alikataa kiti cha maua kwa sababu wasimamizi walipangwa nyuma yake, na wakwe wakaenda nyumbani wakisema bwana arusi ana jipu. Mke wake, Joviale, alimtetea. Alisema ndiyo, ni jipu, tena kubwa. Afadhali jipu kuliko maelezo.

Kazi yake ilikuwa chukudu, ile pikipiki ya mti isiyo na mashine wala mafuta. Alishusha mbao na viazi kutoka Munigi mpaka mjini, na alishuka kwa mbio hivi kwamba siku moja kuku aliyemkwepa asubuhi alionekana bado anakwepa jioni. Wenzake waliogopa ule mteremko. Yeye aliupenda. Kwenye mteremko hakuna mtu anayeweza kukufuata kwa nyuma.

Sasa sikia jinsi watu wanavyoweza kukosea kwa moyo mzuri. Kwenye robine, bomba la avenue yao, maji yalikuja pale yalipotaka yenyewe, na madumu ya njano yalipigana kama beberu. Kamate alingoja mpaka kila mtu apange dumu lake, ndipo aliweka la kwake mkiani. "Mama, pita. Na weye, pita." Wamama wakasema huyu ana roho ya padri. Kanisani alisimama kule mwisho, akiegemea ukuta, na katekista alimtolea mfano: mwangalieni mtoza ushuru wa Injili, yule asiyethubutu kusogea mbele. Jumamosi ya salongo, avenue nzima ikitoka kuzibua mifereji, alijipanga wa mwisho kule matope yote yanakoishia. Wakasema hachagui kazi. Alfajiri alizunguka avenue akichungulia nyuma ya kila ua, mpaka wezi wakahamia avenue nyingine. Wakasema anatulinda.

Sifa hizo zilimwasha Kamate kama upupu. Haukuwa unyenyekevu. Ulikuwa mgongo.

Alipokuwa mtoto, huko vilimani mbali na Butembo, watu wenye bunduki walimkamata njiani kwenda shambani, yeye na binamu yake. Walibebeshwa mizigo. Sheria ya njia ile ilikuwa fupi: mwenye mzigo anatangulia, mwenye bunduki anafuata, na anayegeuka kuangalia nyuma amekufa. Binamu yake aligeuka. Kamate alisikia tu, hakuona, kwa sababu yeye hakugeuka.

Baadaye wale watu walikutana na kundi la komanda mmoja, Afande Aubin, na kwa vile walitamani muziki kuliko mtoto, walimbadilisha Kamate na redio. Ndiyo hivyo. Mtu kamili mwenye jina la ubatizo, kwa redio moja yenye waya badala ya antena. Afande alimvisha koti la kijeshi lililomfika magotini, akamfanya kadogo, yaani mtoto askari. Hakumwita kwa jina. Alipuliza firimbi, na firimbi ikilia Kamate alisimama na kutangulia njiani, ili kama kuna ubaya mbele umpate yeye kwanza. Afande alifuata nyuma, miaka na miaka, na Kamate alijifunza kumjua kwa pumzi.

Lakini Afande alikuja kupata redio nyingine, na redio hula mawe ya betri. Akamtuma Kamate sokoni kununua mawe ya redio. Kamate akaenda. Akapita soko, akapita mto, akapita ng'ombe wa Masisi waliomwangalia kama mpwa wao, akatembea mpaka miguu ikamwambia hapa ni Goma, mbele ni ziwa. Yale mawe hakuyapeleka.

Hayo Joviale aliyajua. Avenue haikuyajua.

Basi, shefu wa avenue alipozeeka na kwenda kwa watoto wake Beni, watu walianza kutaja jina la Kamate. Wakubwa wa mji hubadilika kama mawingu juu ya volkano ya Nyiragongo, leo meupe, kesho mekundu, lakini shefu wa avenue ndiye anayejua nani hana kitambulisho, nani amefukuzwa na mwenye nyumba, na funguo ya robine inalala wapi. Funguo ile sasa ililala kwa Gauthier, mwenye nyumba kubwa ya matofali pale kwenye kona, na yeye pia alitaka ushefu. Alikuwa ameanza kusema robine ingependeza zaidi ndani ya ua wake.

Aliyelitaja jina la Kamate kwanza alikuwa Mama Katungu, muuza sambaza, mwanamke ambaye hakuingia shule hata kwa kujikinga mvua, lakini akikuuzia samaki wadogo kama kucha atakusimulia jinsi walivyompindulia mtumbwi.

Kamate alikataa. Kisha akasikia redio.

Alikuwa anapita na mbao mbele ya kinyozi. Ndani, redio ilieleza juu ya mtu wa Afrika wa zamani, zaidi ya miaka mia nne imepita, aliyeuzwa akiwa mtoto. Aliuzwa soko hili, akauzwa soko lile, akavushwa bahari mpaka kwa Wahindi, akafanywa askari. Kisha mwenye kummiliki akafa, askari akabaki, akakusanya wenzake, na mwisho wake akawa yeye ndiye anayemkalisha mfalme kwenye kiti na kuamua mambo ya nchi. Kamate alisimamisha chukudu katikati ya barabara. Nyuma yake pikipiki zilipiga honi mpaka nyingine zikakauka sauti. Kwa mara ya kwanza hakusikia kilichokuwa nyuma.

Kutoka siku ile hakutulia. Alitembea Birere, akatembea mpaka ziwani, akarudi, akaenda tena. Mtu aliuzwa. Akatawala. Mwishowe alisimama mbele ya beseni la sambaza.

"Mama Katungu, ulisikia ile habari ya mutumwa mwenye alikuya kuwa mukubwa kwa Bahindi?"

"Nani hakuisikia? Shemeji wa babu yangu alimujua."

"Ni miaka mia ine, mama."

"Shemeji wa babu yangu alikawia kufa. Unataka kujua nini?"

Kamate alitazama huku na huku. "Alikuwa anakaa namna gani? Mutu mukubwa banamusimamia nyuma. Yeye alikuwa anakaa aje na batu nyuma yake?"

Mama Katungu hakujua, lakini kutojua hakujawahi kumzuia. Alipuliza nzi kwenye samaki, akafikiri kidogo.

"Kiti yake ilikuwa na kioo," alisema. "Kioo ya feza, huku na huku, sawa masikio ya tembo. Nzi ikikuya kwa nyuma, anaiona, anaiambia bonjour. Njo vile alitawala."

Kamate aliondoka na uso uliopata jibu. Jioni ile alikwenda kwa fundi wa pikipiki na kurudi na kioo cha pembeni. Akakifunga kwenye kigoda cha jikoni kwa kipande cha mpira. Akakaa. Joviale aliacha kukoroga sombe.

"Unakaa," alisema.

"Nakaa."

"Mungu wangu. Kaa tu, usiseme."

Kamate akaenda kumwambia Mama Katungu kwamba amekubali.

Kabla juma halijaisha, alikuwa anapakua mbao kwa Gauthier pale aliposikia pumzi. Aliijua kabla ya sauti.

"Kadogo."

Mbao zilianguka. Afande Aubin alikuwa amenenepa, anatembelea fimbo, goti moja limebaki na kipande cha chuma cha vita visivyokumbukwa na mtu. Naye alikuwa ameliacha pori. Sasa alipanga chumba kwa Gauthier, na shingoni, kwenye uzi, ilining'inia firimbi ileile.

"Mawe ya redio yangu iko wapi?" aliuliza, akacheka peke yake. "Usiogope. Nasikia banataka kukuweka shefu. Ni muzuri. Gauthier ni mwenye nyumba yangu, lakini weye ni mutu yangu. Ile siku batu bakijipanga, mi nitasimama nyuma yako, wa kwanza. Si fasi yangu ya zamani?"

"Afande, mi si mutu yako."

"Nilitoa redio," alisema Aubin, kwa upole, kama mtu anayekumbusha jina la mtoto. "Ukikuwa shefu, nikipuliza, avenue muzima itasimama. Ukikataa, nitabaambia batu shefu wao aliuzwa."

Kamate alirudi nyumbani akiwa amesahau chukudu. Mtu wa chukudu akisahau chukudu, jua kichwa kimetoka peke yake.

"Kataa basi," Joviale alisema.

"Nikikataa, ataniita kadogo mpaka nikufe. Nikikubali, iko nyuma yangu."

"Na kioo?"

Kamate alikitazama kile kioo. "Kioo itanionyesha yeye. Afazali nimuone."

Sasa, avenue ile ina desturi yake ya kuchagua. Zamani palikuwa na shefu mmoja mwenye kinyongo. Siku alipochaguliwa aliangalia nani amejipanga nyuma ya mwenzake, na kwa miaka yake yote wale hawakupata muhuri hata wa kumzika mbwa. Alipoondoka, watu waliapa: tangu leo wagombea watakaa wamegeukia ukuta wa mawe meusi ya volkano, avenue ijipange nyuma ya migongo yao, na mstari wa mtu lazima ubaki nyuma ya mtu wake mpaka shefu wa kartie, mkubwa wa avenue zote za pale, amalize kuhesabu. Mwenye kugeuka kuangalia ameanguka, hata kama ana mstari wa kufika ziwani.

Mwenye kugeuka ameanguka. Kamate alikuwa ameisikia sheria hiyo mahali pengine.

Jumapili baada ya misa, uwanja karibu na robine ulijaa mpaka mawe yakakosa pa kukaa. Gauthier alikuja na kiti cha sebuleni chenye mito. Kamate alikuja na kigoda cha jikoni, kioo cha pikipiki kimechomoza juu yake. Watu wakacheka. Mmoja akamuuliza kama kile kigoda kina namba ya plaque na bima ya assurance. Kisha Gauthier akaona, na hakucheka.

"Shefu," alimwambia shefu wa kartie, "ile ni wizi. Anataka kuona nani anamukataa. Kinyongo inakuya na kioo."

Kicheko kilikatika. Hata waliompenda Kamate walikitazama kile kioo kwa jicho jingine. Shefu wa kartie, mzee wa Masisi asiyependa kuharakisha, alisimama mbele yake.

"Papa Kamate. Kioo ya nini?"

Kamate angeweza kusema ni cha kunyolea ndevu. Mama Katungu, kule kwenye umati, alikuwa tayari na uongo wa aina nne, alingoja tu aulizwe. Lakini Kamate aliangalia firimbi kwenye kifua cha Aubin, akachoka nayo.

"Ni sababu ya mugongo," alisema. "Nilikuwa mutoto, bakanikamata. Bakanitwika mizigo. Mwenye muzigo anatangulia, mwenye bunduki anafuata. Binamu yangu aligeuka, bakamuua. Halafu bakaniuzisha, nikakuwa kadogo. Tokea ile wakati mugongo yangu hailali. Kwa robine nabakia wa mwisho juu ya mugongo. Kanisani, mugongo. Salongo, mugongo. Munasema niko na roho muzuri. Hapana. Ni woga. Sasa mujue mwenye munamuchagua."

Mtoto mmoja alikohoa na mama yake akamfunika mdomo. Kamate alingoja waondoke.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Katungu. "Ile maji nilichota mbele yako miaka yote, haikukuwa ya heshima?"

"Hapana, mama."

"Ilikuwa ya woga."

"Ndiyo, mama."

"Na iliingia mu dumu, ao haikuingia?"

"Iliingia."

"Basi usinichanganye. Nilipikia."

Watu walicheka, lakini kicheko cha namna nyingine, cha watu wanaosogeana. Aubin aliona mambo yanamponyoka. Akajitokeza na fimbo yake.

"Anasema kweli. Mi njo nilimununua, na redio. Mi njo nilimutengeneza." Alitazama pembeni akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata, hata Gauthier aliangalia viatu. "Na leo nasimama nyuma yake, wa kwanza. Mutakuwa na shefu mwenye anajua kusikia."

Desturi haikumkatalia, aliishi avenue, alikuwa na haki ya kujipanga. Joviale alikuja mwenyewe, akafungua ule mpira, akatia kioo ndani ya kikapu chake. "Kaa, Papa Lévi," alisema kwa sauti ndogo. "Mi siendi mbali."

Kamate akakaa, uso kwenye mawe meusi. Akasikia miguu. Nyuma yake kabisa, ile pumzi, na harufu ya tumbako. Nywele za shingo zilimsimama. Jasho lilishuka hata likaogopa kufika chini. Kulia kwake Gauthier alijinyoosha kwenye mito, ametulia kama paka wa depo.

Firimbi ililia, polepole, kwa ajili yake tu.

Mwili wa Kamate ulisimama kabla yeye mwenyewe hajaulizwa.

"Ona," Aubin alisema taratibu. "Bado anasikia."

Kamate alibaki wima mbele ya ukuta, aibu imemjaa mpaka masikioni. Kukaa tena hakuweza. Kugeuka ni kuanguka. Firimbi ya porini ilimaanisha simama utangulie, na miguu yake ilijua kazi hiyo moja tu. Basi akaiachia. Akazunguka mwisho wa ukuta bila kuangalia nyuma, akatangulia.

"Anaenda wapi?" mtu aliuliza.

"Sheria ni sheria," alisema shefu wa kartie, bila kuharakisha. "Mustari inabaki nyuma ya mutu wake."

Na mstari ukamfuata. Kamate aliruka mfereji, akapanda mawe, yale makali ya volkano yanayokula viatu kama mbuzi anavyokula majani. Firimbi ililia ndefu, ya kusimamisha. Hakusimama. Ililia tena. Akakaza mwendo. Alisikia fimbo ya Aubin ikigonga jiwe, ikiteleza, ikigonga, na sauti za watu: "Pole, afande. Pita pembeni, afande." Ile pumzi ikawa mbali. Kisha hakuisikia.

Hapo ndipo ilikuwa mbaya zaidi. Adui unayemjua ameondoka nyuma yako, na sasa kuna miguu tu, mingi, kama mvua ya mawe kwenye mabati, na hujui ya nani. Akamkumbuka binamu yake. Shingo yake ilitaka kugeuka peke yake, kama shingo ya kuku. Akapita nyumba yake. Akapita kinyozi. Mbele yake hapakuwa na kitu ila barabara.

Ndipo harufu ya sambaza ilimfikia.

"Kamate mwanangu," sauti ilihema nyuma yake kabisa, "yule mutumwa wa Bahindi naye alitembeza batu hivi? Goti zangu zinaniuliza."

"Mama Katungu? Ni weye?"

"Ni miye. Nyuma yangu iko Umugwaneza na mutoto mugongoni, nyuma yake ile mulevi Émile, halafu batu mingi, siwezi kubataja bote, nitakosa pumzi ya kusema uongo."

"Na Afande?"

"Amekaa kwa jiwe kule kwa kona. Anapuliza ile kitu yake. Imbwa tu njo inakuya."

Kamate alicheka. Alicheka akitembea, machozi yakishuka, na hakugeuka.

Waliporudi uwanjani wamezunguka avenue nzima, mstari ulikuwa umeongezeka, kwani watu wa Goma wakiona mstari hujipanga kwanza, huuliza baadaye. Gauthier alikuwa amesimama kando ya kiti chake, anabishana. Kumbe pale mwanzo, aliposikia miguu inaondoka, alishindwa kuvumilia. Aligeuka kuangalia. Mtu ambaye hajawahi kuogopa mgongo wake hajawahi pia kujifunza kuuvumilia.

"Umeanguka, Papa Gauthier," alisema shefu wa kartie. "Na hata bila ile, hesabu ya ule mustari ningekuwa naifanya mupaka Pasaka. Papa Kamate, kaa."

Kamate alikiangalia kigoda.

"Kaa," Mama Katungu alimwambia, "ili na siye tukae. Tumechoka."

Akakaa.

Wasikudanganye kwamba alipona siku ile. Ushefu haukumtuliza, ulimpa tu sababu ya kutembea. Alichukua funguo ya robine, na kwa vile hakuweza kukaa ofisini, ofisi ilimfuata barabarani, muhuri mfukoni, watu wakigeuza migongo yao wenyewe kuwa meza ya kuandikia. Afande Aubin alikuja baada ya mwezi kuomba karatasi ya kuhama. Kamate alimgongea muhuri uso kwa uso, kisha akaingia dukani, akatoka na mawe ya redio, mapya, bado ndani ya karatasi yao, akamtia mkononi.

"Nilikawia sokoni," alisema.

Aubin aliyaangalia yale mawe. Akayatia mfukoni, akaenda zake na fimbo yake.

Kesho yake maji yalikuja. Shefu wa avenue alingoja madumu yote yapangwe, akaweka la kwake mkiani, mgongo wazi kwa upepo wa ziwa tu. Wageni wakasema: mwangalieni shefu, unyenyekevu ulioje. Wenyeji wakakohoa.

Kisha Mama Katungu alitoka mbele ya mstari, amebeba dumu lake, akaja taratibu mpaka nyuma ya Kamate, akalishusha chini kwa kishindo.

Mabega ya Kamate yalipanda. "Mama, dumu yako imejaa tayari."

"Najua."

"Basi unangoja nini?"

"Nangoja," alisema Mama Katungu. "Mustari ni ya baba yako?"

Mabega yakabaki juu kidogo. Mbele, mtu alimaliza kuchota. Kamate akasukuma dumu lake kwa mguu, hatua moja, na nyuma yake akasikia dumu lililojaa likiburutwa kwenye mawe, likimfuata.